Hesabu ya Mganga si Ramli

Mwaka 1933, katika mji wa St. Louis huko Marekani, mtu mmoja wa miaka 48 alilazwa hospitalini kwa sababu ya kansa katika pafu lake la kushoto. Yeye mwenyewe alikuwa mganga, kazi yake kuzalisha wanawake, wala hakuhitaji kuelezwa ugonjwa huo ni ugonjwa gani. Mpasuaji wake aliitwa Evarts Graham. Siku zile hakuwako bado mgonjwa wa kansa aliyetolewa pafu zima kwa mara moja akapona. Kabla ya kupasuliwa, mgonjwa aliomba ruhusa aende kwao akatengeneze mambo yake. Inasimuliwa ya kuwa huko alifanya mambo mawili: alijinunulia mahali pa kaburi, tena akaenda kwa mganga wa meno akazibwa meno yake kwa dhahabu.

Mtu anayengoja kufa tu hatengenezi meno. Na mtu anayengoja kupona tu hanunui kaburi. Mgonjwa yule alijua hatari yake, wala hakuigeuza kuwa hukumu. Tarehe 5 Aprili 1933 alilala juu ya meza ya kupasuliwa.

Hapo lazuka swali ambalo watu wengi hukutana nalo siku ya kumpeleka ndugu yao hospitali. Je, yafaa mgonjwa aambiwe mapema hatari iliyo mbele yake? Na akiambiwa, aipokee habari hiyo kwa moyo gani?

Pumzi baada ya kisu

Kwanza yapasa kufahamu hatari yenyewe. Mapafu yafanana na mivukuto ya mhunzi: yakivutwa hewa huingia, yakibanwa hewa hutoka. Lakini mapafu hayajivuti yenyewe. Huvutwa na misuli ya mbavu, pamoja na msuli mpana ulio katikati ya kifua na tumbo. Basi, mtu akipasuliwa kifua, misuli hiyo huumizwa. Dawa ya usingizi nayo huilegeza. Mgonjwa akiamka, kila pumzi ndefu yamchoma. Kwa hiyo huvuta pumzi fupi fupi, naye huogopa kukohoa. Makohozi yasipotoka hukaa ndani, na pembe za chini za mapafu hujikunja kama jani lililokosa maji. Mahali pasipofika hewa, ugonjwa hupata makao. Hivyo ndivyo homa ya mapafu inavyoanza, na wengine huishiwa pumzi hata wasaidiwe na mashine.

Tena, kama mpasuaji ameondoa sehemu ya pafu, mtu yampasa kuishi kwa ile iliyobaki. Waganga wayahesabu mapafu mawili kuwa na sehemu ndogo 19. Ikiwa zitaondolewa 3 za juu upande wa kuume, zabaki 16. Mtu aliyeweza kupuliza lita 2 za hewa katika sekunde moja, waganga wakadiri ya kuwa baadaye atapuliza lita 1.7 hivi. Kwa aliye na mapafu mazima ni hasara ndogo. Kwa aliyekwisha kuharibiwa na tumbaku au na kifua kikuu, pengine ni kubwa mno.

Basi hatari ya pumzi haitoki kwa kisu peke yake, wala haiishi siku ile ya kupasuliwa. Huja pole pole katika siku zinazofuata, wakati ndugu wameanza kushukuru na kudhani ya kuwa yote yamekwisha.

Hesabu yatoka wapi

Kupima pumzi si jambo la jana. Mwaka 1846, huko London, mganga John Hutchinson alitoa habari za chombo alichokitengeneza: mtu huvuta hewa yote awezayo, kisha huipuliza ndani ya chombo, nacho huonyesha kiasi chake. Alipima watu zaidi ya 2,000, akaona ya kuwa mtu kwa kadiri alivyo mrefu ndivyo pumzi yake ilivyo nyingi. Vyombo vya namna hiyo vyatumika hata leo.

Lakini kipimo kimoja hakitoshi. Mwaka 2010 waganga wa Katalonia, katika nchi ya Hispania, walitangaza hesabu iliyotokana na wagonjwa 2,464 wa hospitali 59, waliopasuliwa sehemu mbalimbali za mwili. Waliwafuata wagonjwa hao, wakaandika nani alipata matatizo ya pumzi na nani hakupata. Kisha wakatafuta alama zilizowatenga hawa na wale. Walipata alama 7: umri, kiasi cha hewa katika damu, ugonjwa wa njia ya pumzi katika mwezi uliotangulia, upungufu wa damu, mahali panapopasuliwa, muda wa kupasuliwa, na kama jambo lenyewe ni la haraka. Kila alama ilipewa uzito wake kwa namba.

Mfano wake ni huu. Mkulima wa miaka 60 ana uvimbe katika pafu. Umri wake wampa 3. Kupasuliwa ndani ya kifua kwampa 24. Kazi itakayochukua saa 2 hata 3 yampa 16. Majuma matatu yaliyopita alikuwa na homa ya kifua: 17. Tena damu yake ni chache sana, kwa sababu ya malaria na safura: 11. Jumla ni 71. Katika hesabu ile, wale waliofikia 45 na zaidi, watu 42 hivi katika 100 walipata tatizo la pumzi. Wale wa 26 hata 44 walikuwa 13 katika 100. Na wale wasiofika 26 hawakutimia 2 katika 100.

Sasa namba hizo zitazamwe tena. Hakuna awezaye kumpunguzia mkulima yule miaka yake, wala kuhamisha uvimbe kutoka kifuani. Lakini homa ya kifua yaweza kuponywa, na mwezi ukapita. Damu yaweza kuongezeka kwa dawa na kwa chakula. Mambo hayo mawili yakiondoka, 71 yawa 43, na mtu ametoka katika kundi la hatari kubwa ameingia katika kundi la katikati. Ni kweli, hesabu ikishuka si lazima hatari yenyewe ishuke kwa kipimo kile kile. Tena kungoja nako kuna hatari yake, maana uvimbe haulali. Ni kazi ya mganga kupima lipi lizidi. Lakini jambo moja laonekana wazi: katika hesabu hii zimo namba ambazo mtu amezikuta, na zimo namba ambazo aweza kuzigeuza.

Tofauti ya hesabu na ramli

Watu wengine husikia maneno hayo wakasema: “Mganga wa hospitali naye apiga ramli. Tofauti yake ni karatasi tu.” Neno hili lastahili kujibiwa vema, kwa kuwa wako waliokufa kwa sababu yake. Mgonjwa aliposikia “hatari kubwa” alidhani ameambiwa siku yake, akarudi nyumbani kuingoja.

Mpiga ramli husema habari za mtu mmoja, naye hasemi amezijuaje. Mganga husema habari za watu wengi waliohesabiwa, na kila anayetaka aweza kuonyeshwa walihesabiwa namna gani. Mpiga ramli hutafuta adui: jirani, mama wa kambo, mke mwenza, akiondoka, ameacha uhasama kijijini. Hesabu ya mganga haimshtaki mtu. Yataja tumbaku, makohozi, damu, umri. Tena mpiga ramli akikosea hakubali. Hesabu ya mganga hujaribiwa ili makosa yake yaonekane. Ile ya Hispania ilijaribiwa katika hospitali 63 za Ulaya, na majibu yakatolewa mwaka 2014: ilionekana kuwa yafaa, lakini si kwa kadiri moja mahali pote.

Iliyo kubwa kuliko zote ni hii. Ramli hudai kujua litakalokuwa. Hesabu haidai hivyo. Ikisema 13 katika 100, maana yake ni kwamba katika watu 100 wanaofanana kwa alama hizo, 13 hivi watapata tatizo na 87 hawatapata. Mgonjwa huyu ni wa kundi gani? Hesabu haijui. Wala tatizo si kifo. Wengi waliolipata walitibiwa wakapona.

Mvushaji wa mtumbwi afahamu jambo hili. Kabla ya kuvuka hutazama mto: maji yamepanda kiasi gani, upepo watoka wapi, mzigo ni mzito namna gani. Akisema, “Leo mto ni mbaya,” hajamtabiria mtu kufa maji. Amewaambia wapunguze mzigo, waketi chini, au wangoje asubuhi. Neno lake limetoka kwa safari nyingi, nalo lafaa kwa sababu lasemwa kabla ya kuvuka.

Je, mgonjwa aambiwe?

Mara nyingi ndugu humwita mganga kando. Mpwa wa mgonjwa husema: “Mganga, umwambie mjomba ya kuwa ni kidonda kidogo tu. Akijua hatari, moyo wake utavunjika.” Anayesema hivyo husema kwa upendo, wala hastahili kudharauliwa. Ni kweli kwamba neno zito lililotupwa bila huruma laweza kumwangusha mtu.

Lakini mjomba ndiye atakayepasuliwa, wala si mpwa. Mwili ni wake. Na mashamba, madeni, watoto na mapatano ni yake pia. Mtu mzima akifichwa habari hiyo ananyang'anywa nafasi ya kufanya aliyoyafanya mgonjwa wa St. Louis: kutengeneza mambo yake na kutumaini pamoja. Tena ananyang'anywa nafasi ya kujisaidia. Nani ataacha tumbaku kwa ajili ya “kidonda kidogo tu”? Nani atavumilia kukohoa juu ya mshono unaouma, kama hakuambiwa kwa nini? Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi kosa halimo katika kusema kweli. Kosa ni kuisema vibaya. Mganga mwema hamtupii mgonjwa namba kama mtu atupavyo jiwe. Humketisha, ndugu wakiwapo ikiwa mgonjwa apenda, humweleza hatari, naye haishii hapo, huendelea na neno la pili: “Na haya ndiyo tutakayoyafanya, wewe na sisi.” Kweli isiyo na neno la pili ni nusu ya kweli. Na mwenye neno la pili peke yake, asiyeitaja hatari, hubembeleza tu.

Wajibu wa mgonjwa na wa jamaa

Kuijua hatari huleta wajibu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwenye kuvuta tumbaku yampasa kuiacha, na afadhali majuma kadhaa kabla ya kupasuliwa, ili njia za pumzi zipate kujisafisha. Aliye na nguvu za kutembea, atembee kila siku. Na yampasa kujifunza kupumua kabla ya maumivu kuanza.

Jambo hili la mwisho laonekana dogo, lakini si dogo. Mwaka 2018 ilitolewa habari ya jaribio lililofanywa katika hospitali za Australia na Nyuzilandi kwa wagonjwa 441 waliopasuliwa sehemu ya juu ya tumbo, mahali palipo karibu na misuli ya pumzi. Wote walipewa kijitabu. Nusu yao waliongezewa mafundisho ya dakika 30 kabla ya kupasuliwa: walielezwa mapafu hupatwa na nini, wakazoezwa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, wakaambiwa waanze mara tu watakapoamka. Katika wale waliopewa kijitabu tu, 27 katika 100 walipata tatizo la pumzi. Katika wale waliofundishwa, 12 katika 100. Dawa yao ilikuwa maneno yaliyosemwa kwa wakati wake, na utii wa wagonjwa.

Jamaa nao wana sehemu yao. Mara nyingi hudhani kwamba kumpenda mgonjwa ni kumwacha alale. Kumbe yafaa wamsaidie kuketi, na mganga akiruhusu, wamwongoze kusimama na kwenda hatua chache. Akikohoa wasimwambie, “Nyamaza, utapasua kidonda.” Wampe mto au nguo iliyokunjwa aibane kifuani, akohoe. Na yule rafiki anayeleta tumbaku chini ya shuka kwa huruma, ajue ni huruma ya namna gani.

Hesabu isiwe mlango wa kufungia watu nje

Kila chombo chema chaweza kutumiwa vibaya. Mpasuaji anayeogopa kuharibu sifa yake aweza kujificha nyuma ya namba, akawachagua wale wa hatari ndogo na kuwarudisha wazee na wanyonge. Msimamizi aweza kusema: “Huyu ana 71, tusipoteze dawa.” Hapo hesabu imepinduliwa. Ilitengenezwa ili kumtambua mwenye kuhitaji ulinzi zaidi, wala haikutengenezwa ili kumtambua wa kuachwa. Mwenye hatari kubwa ndiye anayestahili kitanda kilicho karibu na mwuguzi, hewa ya chupa iliyo tayari, na macho ya usiku.

Tena yapasa kukumbuka ni akina nani waliohesabiwa. Ni wagonjwa wa Hispania, na baadaye wa nchi nyingine za Ulaya. Mama aliyepika miaka 40 katika moshi wa jiko la kuni, mtu aliyeachiwa makovu ya kifua kikuu, hawa si wale waliohesabiwa huko. Kwa hiyo mganga mwenye busara hutumia hesabu, naye hatupi macho yake. Hata chama cha waganga wa kifua wa Marekani, katika mashauri yake ya mwaka 2013, kilitaja jaribio rahisi kabisa la kupanda ngazi kwa wale ambao vipimo vyao vya mapafu si vizuri sana: mgonjwa anayeweza kupanda zaidi ya mita 22 kwenda juu ahesabiwa kuwa na hatari ndogo. Mkulima anayepanda kilima kila asubuhi na mzigo kichwani pengine ana nguvu ambazo karatasi haikuziandika.

Je, ni lazima kukubali?

Mtu aliyekwisha kuelezwa yote aweza bado kuuliza: “Nikikataa, nimekosa?” Mwaka 1957, tarehe 24 Novemba, Papa Pio wa Kumi na Mbili aliwajibu waganga wa dawa ya usingizi waliomwuliza habari ya mashine za kupumulisha wagonjwa. Alifundisha kwamba mtu amepaswa kutumia njia za kawaida za kuulinda uhai, kwa kadiri ya hali ya watu, mahali na wakati. Lakini halazimiki kutumia njia zinazomtwika mzigo mzito mno, yeye au mwenziwe.

Basi kukubali kupasuliwa penye hatari kubwa kwaweza kuwa ushujaa mwema, na kukataa kwaweza kuwa uamuzi wa dhamiri safi. Jambo moja halina sifa: kukubali bila kujua, au kukataa kwa kuwa “nimekwisha kupangiwa.” Asemaye hivyo ameiacha akili yake na hiari yake mlangoni, kama mtu aachaye viatu.

Mwisho wa habari ya St. Louis

Graham alipofungua kifua cha mgonjwa wake aliona kwamba uvimbe haungeweza kuondolewa kwa sehemu, akaliondoa pafu lote. Mgonjwa alikaa hospitalini zaidi ya miezi miwili. Kisha alirudi kazini, akaishi na pafu moja miaka 30, hata mwaka 1963.

Na mpasuaji? Graham alikuwa mvuta sigara. Mwaka 1950, pamoja na mwanafunzi wake Ernst Wynder, alitangaza ushahidi mkubwa kwamba tumbaku yahusiana na kansa ya mapafu. Baadaye akaiacha, lakini akiwa amekwisha kuvuta miaka mingi. Mwaka 1957 alikufa kwa kansa ya mapafu, ugonjwa ule ule aliomponya mwenziwe. Aliyenunua kaburi alimzika, kwa namna ya kusema, aliyeshika kisu. Hakuna mpiga ramli aliyeyaona hayo. Lakini hesabu aliyoiandika Graham mwenyewe imewaokoa wengi waliopata kuisikia mapema kuliko yeye.

Maswali ya kukumbuka

Hatari ya pumzi huja lini? Huja hasa katika siku zinazofuata kupasuliwa. Kwa hiyo ulinzi usilegezwe siku ya kwanza.

Namba ya mganga yasema nini? Yasema yaliyowapata watu wengi wenye alama kama za mgonjwa. Haisemi litakalompata yeye.

Kwa nini mgonjwa aambiwe? Kwa sababu mwili ni wake, na kwa sababu asiyejua hatari hawezi kuipunguza.

Aliyeambiwa afanye nini? Atengeneze kaburi na meno pia: aweke mambo yake sawa kama mtu awezaye kufa, na kuanzia leo ajizoeze kupumua kama mtu atakayeishi.